Mwaka Nilioweka Diploma Rehani

Papa Bisimwa alisema nitafika Noeli tu, na kwamba baada ya hapo karatasi za vitabu vyangu zitaonekana sokoni zikifungia karanga. Maman Nabintu alisema vijana wa Nyawera hawakai kitako kwa ajili ya kitu kisicholiwa. Directeur Murhula, mkuu wa shule yetu, alikuwa na elimu kuliko hao wawili, kwa hiyo alijua kuumiza kwa maneno machache. Alisema diploma ya ng'ambo haijui batoto ba hapa. Nimeyaandika kwa mpangilio huu kwa sababu ndivyo nilivyoyabeba mwaka mzima, na nilikuja kuyalipa yote, moja baada ya jingine, siku moja.

Mwezi uliopita tulimzika Directeur. Nilikwenda matanga kama kila mtu, nikapewa kiti cha plastiki chini ya hema na chupa ya soda isiyo baridi. Msemaji wa familia, bwana mmoja wa tai nyeusi, akasimama akasema kwamba marehemu ndiye aliyewafungulia watoto wa Nyawera vitabu vya picha, ndiye aliyetoa katoni ya vitabu hivyo kwa mikono yake mwenyewe wakati hakuna aliyefikiri kwamba mtoto wa kiume wa sokoni anaweza kupenda kusoma. Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja nyuma yangu akamwambia jirani yake kwamba watu wa namna hiyo hawazaliwi tena. Nilimaliza soda yangu, nikaweka chupa chini ya kiti. Mtu hagombani na jeneza. Lakini leo niko mezani kwangu, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, ghorofa mbili, na hapa hakuna jeneza. Wanaotaka habari za ukoo wangu hawatazipata. Mwaka huu ninaousimulia hakuna ndugu aliyenisaidia, na hakuna ndugu nitakayemgawia sifa.

Nilirudi Bukavu kutoka Kampala nikiwa na miaka ishirini na minne. Kule nilikuwa nimeosha sahani za hoteli moja kwa miaka mitatu na kusoma jioni, nikapata diploma ya kufundisha watoto wadogo kusoma. Nilikuwa wa pili kati ya wanafunzi sitini na mmoja, na aliyenitangulia alikuwa tayari mwalimu wa miaka kumi. Niliibeba diploma ile mpakani ndani ya bomba la plastiki nililolishika mkononi safari nzima, wala sikuliweka kwenye mizigo. Nilipofika niliona jambo ambalo wote walikuwa wanaliona bila kuliona. Wasichana wa mtaa wetu ukiwapa kitabu cha picha wanakaa nacho. Wavulana hawakai. Wakitoka shule saa sita wanakwenda sokoni Nyawera kubebea mama za watu mifuko, na wakipata noti mbili wanakwenda chumba cha video, ambako mwanamume mmoja alikuwa anasimama kando ya televisheni na maikrofoni, anaeleza filamu za kigeni kwa Kiswahili, anawapa majina wapiganaji, anawatukana, anawaonya. Kwa kitabu hawakuwa na subira. Niliwauliza sababu, na mmoja wao, Ciza, mtoto wa miaka kumi mwenye sauti ya mtu mzima, akanijibu kwa niaba ya wote: "Mwalimu, ile bitabu bya picha iko ya batoto badogo ba maternelle. Siye tuko bakubwa."

Nikaamua kuwafundisha kupenda kile walichokidharau. Sikuwa na chochote, ikabidi niazime. Papa Bisimwa alikuwa na depo ya saruji, na nyuma yake chumba kilichobaki wazi kwa sababu paa lilivuja upande mmoja. Alinipa ufunguo huku akicheka, akaniambia nisisahau kumwachia karatasi chache za karanga. Maman Nabintu alikuwa na mgahawa uliopakana na chumba hicho, ukuta wa mbao tu kati yetu, akanipa mabenchi mawili marefu yaliyokuwa yamechoka, akasema yatarudi kwake mapema kuliko nilivyodhani. Vitabu vilikuwa kwa Directeur. Katoni moja, chini ya meza yake ya ofisi, imefungwa kamba, iliyoachwa pale na mapadri fulani waliorudi kwao zamani. Vitabu arobaini na vitatu vya picha, na mistari mitatu ya Kiswahili chini ya kila picha. Miaka yote hiyo alikuwa anaegemeza miguu yake juu ya katoni hiyo akiandika.

Aliniandalia décharge, hati ya makabidhiano, kwa sababu kwetu hata sindano haitoki ofisini bila décharge. Karatasi ya mistari, safu tatu: namba, jina la kitabu, hali yake. Katika safu ya hali aliandika neno "neuf", yaani kipya, mara arobaini na tatu, bila kufungua hata kitabu kimoja. Halafu akasema anahitaji dhamana. Nilidhani atataka pesa, ambazo sikuwa nazo. Alinyoosha mkono kuelekea bomba langu la plastiki. Karatasi kwa karatasi, alisema. Siku ya proclamation, mwisho wa mwaka wa shule, nitamletea vitabu vyake katika hali ile ile, naye atanirudishia diploma yangu. Kikipungua kimoja au kikichafuka, tutajua cha kufanya. Nilikuwa kijana, nilikuwa na haraka, na nilijiamini kupita kiasi. Nikaitoa. Aliiweka kwenye droo bila kuiangalia, juu ya kitana chake.

Sasa niseme kosa langu, maana sina sababu ya kulificha, nimelishinda. Nilikwenda sokoni nikanunua plastiki ya kufunikia meza, nikafunika jalada la kila kitabu, vyote arobaini na vitatu, kingo zote nimezibana kwa utepe. Mlangoni niliweka beseni la maji na sabuni. Watoto walinawa, wakakaa kwenye mabenchi, mikono juu ya magoti, na mimi nikasimama mbele nikifungua kurasa mwenyewe kwa ncha za vidole. Niliwauliza wanaona nini. Niliwauliza ni rangi gani. Niliwauliza mbuzi ana miguu mingapi. Juma la kwanza walikuja wavulana kumi na tisa kwa sababu mvua ilikuwa kubwa. Juma la pili walikuja saba. Juma la nne nilikuwa na wawili, mmoja wao Pacifique, mtoto wa fundi viatu, aliyekuwa anajua kusoma kidogo lakini hakutaka wenzake wajue, na mwingine aliyekuja kulala kwa sababu kwao kulikuwa na kitoto kinacholia. Chumba kilinuka saruji mbichi, na kupitia mbao za ukuta ilikuja harufu ya sambaza, dagaa wa ziwani, wanaokaangwa kwa Maman Nabintu, mpaka nikawa nasoma habari ya mbuzi huku tumbo likinguruma mbele ya wanafunzi. Ciza alipita mlangoni siku moja, akaangalia beseni, akaniuliza kama hapa ni hospitali.

Ijumaa Directeur alikuwa anakula kwa Maman Nabintu: samaki mzima, bugali, na pilipili yake mwenyewe aliyokuja nayo kwenye kichupa. Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na moja nilikuwa peke yangu chumbani, nimekaa karibu na ukuta, nikasikia anaulizwa kuhusu mimi. Nilijiandaa kusikia matusi. Badala yake alinisifu.

"Ule kijana iko na akili, Maman, usimucheke," alisema, na nilisikia anafyonza mfupa. "Batoto habagusake kitu. Anashika yeye mwenyewe. Bitabu bitarudi vile nilimupatia."

Maman Nabintu akamuuliza: na kama batoto hawasomi?

"Hata kwangu habakusoma. Lakini inspecteur akiuliza, nitamuambia bitabu biko mu quartier ya Nyawera, biko na mwalimu wa diploma, na biko neuf. Mimi nilikuwa natafuta mutu wa kunichungia kartoni bila kumulipa, Mungu akaniletea."

Walicheka wote wawili. Nimetukanwa na watu wengi maishani na wengi wao sikumbuki hata nyuso zao, lakini sifa ile bado inaniwasha. Nilikuwa nimerudi kutoka nchi ya watu ili niwe kabati la Directeur Murhula. Nikatazama vitabu vyangu vilivyong'aa kwenye rafu ya matofali, safi kabisa, na nikaelewa kwamba kila siku iliyopita bila doa ilikuwa siku aliyoshinda yeye. Nilielewa pia kingine, nacho hakikuwa kidogo: nikiwapa watoto vitabu mikononi, diploma yangu imekwenda. Hakuna njia ya katikati. Mtoto wa kiume anayebeba makaa na ndizi hawezi kushika kitabu mwaka mzima kikabaki neuf.

Nilichukua kisu nikakata plastiki zote. Halafu nikatoka nikamkuta Ciza kwenye kituo cha motari, wale wa pikipiki, nikampa kitabu mkononi pale pale, bila beseni. Kilikuwa kitabu cha mbuzi aliyepakiwa kwenye lori lendalo Sange. Alikigeuza-geuza akitafuta mtego. Wenzake wakamzunguka. Na kwa kuwa wenzake walikuwa wanamwangalia, alifanya kitu pekee alichojua kufanya mbele ya watu: aliokota gunzi la hindi chini, akaliweka mdomoni kama maikrofoni, akaanza kueleza picha kama yule bwana wa chumba cha video.

"Bandugu, muangalie huyu mbuzi. Banamuita Commandant. Dereva anamufunga kamba, anamuambia shuka, Commandant anasema hapana, mimi nililipa mpaka Sange."

Wakacheka mpaka motari mmoja akazima pikipiki yake asikie. Pacifique, ambaye chumbani kwangu hakuwahi kutoa sauti, akasema ni uongo, mbuzi yule ni mwanamke, aangalie ana maziwa. Ciza akajibu bila kupepesa macho kwamba hata mwanamuke anaweza kuwa commandant. Pacifique akasema na kamba pia ni uongo. Wakashikana mashati. Niliwatenganisha nikawaambia neno moja tu, kwamba waangalie kilichoandikwa chini. Ciza alimsukumia Pacifique kitabu. Alikuwa mwaka wa tatu na hakujua kusoma, na hapo ndipo wote walipojua. Pacifique akaweka kidole kwenye mstari, akasoma silabi kwa silabi, jasho likimtoka: dereva alimfungua kamba, lakini mbuzi hakushuka. Alimfungua, siyo alimfunga. Gunzi likahama mkono. Nilikuwa nimeona watoto wengi wanaoona haya kwa kutojua kusoma, lakini siku ile niliona mtoto anayechukia. Ciza aliitazama ile mistari mitatu kama mtu aliyempora.

Sheria tuliitunga siku hiyo hiyo. Anayetaka kueleza kitabu anashika gunzi. Anaweza kuwapa watu majina, anaweza kuongeza vicheko na mapigo ya ngumi, lakini akisema jambo linalopingana na maandishi, yeyote anayeweza kulisoma hilo andiko kwa sauti anamnyang'anya. Mabenchi yalijaa. Watoto walianza kuja kabla ya wakati ili wasome kitabu chao kwa siri wasije wakaaibishwa, na kila mmoja alijificha kona yake akinong'ona kama anayesali. Ciza alikuwa anakuja mapema kuliko wote, saa sita na dakika chache, mfuko wa mteja bado begani. Nilikaa naye kwenye benchi la nyuma, herufi kwa herufi, naye alikuwa mwanafunzi mgumu, mwenye hasira, aliyepiga kitabu kofi kilipomshinda. Wengine watasema wazo lilikuwa lake. Ni kweli lilikuwa lake. Ujasiri wa kulilipia ulikuwa wangu, na huo sigawani na mtu.

Kwa maana malipo nilikuwa nayaona kila siku. Walikula sambaza wakisoma, mafuta yakaingia ndani ya karatasi na kufanya madirisha. Paa lilivuja juu ya kitabu cha mamba. Wawili walivutana kitabu kimoja kikapasuka mgongo. Baba yake Pacifique alivishona kwa uzi wa viatu, akavifunika kwa karatasi za mifuko ya saruji tulizookota depo, na vikawa vinafanana na vitabu vya hesabu vya muuza mbao. Jioni nilivihesabu, vyote arobaini na vitatu vilikuwapo, na hakuna hata kimoja ambacho Directeur angekipokea. Mwezi wa tatu nikapata habari kwamba shule moja Minova inatafuta mwalimu wa madarasa ya chini, mshahara wa kweli, na nyumba ya kukaa juu yake. Walitaka kuona diploma yenyewe, siyo nakala. Nilikwenda ofisini kwa Directeur nikamwomba aniazime karatasi yangu mwenyewe kwa siku mbili. Alifungua droo, akaitoa, nikaiona. Alikuwa ameikunja katikati. Akaniambia, kwa upole sana, nilete kwanza vitabu, vyote, vile alivyonipa. Nikasema bado vinatumika. Akairudisha kwenye droo. Nafasi ya Minova aliichukua mtu mwingine, na mtu huyo, nimesikia, alikuwa mpwa wa mke wa Directeur. Sina ushahidi kwamba ndivyo alivyopanga. Nina kumbukumbu ya jinsi alivyofunga droo, kwa goti.

Nilirudi chumbani siku ile nikakuta wavulana ishirini na sita. Nilitamani kuwafukuza. Mmoja alikuwa amelala chali juu ya saruji, kitabu usoni, anasoma. Sikumfukuza. Niliketi, nikaanza kuhesabu wiki zilizobaki mpaka proclamation.

Siku ilipofika nilivaa shati jeupe. Saa mbili asubuhi wavulana walibeba mabenchi ya Maman Nabintu, yameoshwa, yamepigiliwa misumari mipya, wakayaweka mbele ya wateja wake waliokuwa wanakunywa chai. Halafu wavulana wawili wakamsomea ubao wake mwenyewe wa bei, uliokuwa ukutani tangu zamani, wakamwonyesha mahali ambapo maharage yaliyomo tayari kwenye bei ya sahani yanalipishwa tena peke yake. Wateja wakaanza kuuliza bili zao. Alisema nisimfanyie hivyo mbele ya watu. Nikamwambia hakuna aliyekula vitabu, na bado walikaa kitako. Papa Bisimwa nilimkabidhi ufunguo wake mbele ya makuli wake. Akasema, bila kunitazama, kwamba naweza kubaki na chumba, bure, kwa sababu tangu watoto waje wezi hawapiti nyuma. Nilikuwa nimesubiri sentensi hiyo miezi kumi. Nikamwambia asante, nimepata kingine chenye paa zima, na nikaenda zangu.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa wazazi. Directeur alikuwa mezani, kitambaa cheupe, bulletins za matokeo zimepangwa, cachet, ule muhuri wa shule, na kidau chake cha wino pembeni. Ningeweza kumpelekea katoni ofisini kesho yake. Nilimletea pale. Akafurahi, niliona furaha yake. Aliinuka, akawaambia wazazi wasubiri matokeo kidogo, waangalie kwanza mwisho wa vitu vizuri vinapopelekwa barabarani. Akanyanyua kitabu cha mbuzi, kimevaa karatasi ya saruji, akakishika kwa vidole viwili.

"Hii njo neuf, Mwalimu?"

Watu walicheka. Akakifungua, akaonyesha mafuta, akaonyesha mshono. Wakaendelea kucheka, lakini baba yake Ciza, kuli wa sokoni, mwenye gunia lililokunjwa begani, alikuwa amesimama karibu na meza akifuata picha. Hakuwa mtu wa utani. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Directeur, na mwisho? Mbuzi alishuka?"

Directeur akageuza mpaka mwisho. Ukurasa wa mwisho haukuwapo. Ulikuwa umepotea mwezi wa tano. Akasema, kama aliyeshinda, kwamba mwisho umeibwa. Yule kuli akauliza tena, kwa heshima ile ile: lakini Papa Directeur alikaa nacho miaka yote, hakumbuki? Hapo kicheko kilipungua. Directeur aliangalia jalada la mbele, akaangalia la nyuma. Na kutoka safu ya mwaka wa tatu Ciza akapanda juu ya benchi lake, bila gunzi, akasema ukurasa ule mistari yote mitatu kwa sauti yake ya video: lori lilipofika Sange mbuzi akashuka mwenyewe, akatazama soko, akaenda kutafuta maji. Directeur akachukua kitabu kingine haraka, kile cha mamba kilichonyeshewa. Kabla hajauliza, Pacifique alikuwa amesimama na kueleza kilichofutika. Akachukua cha tatu, wakasimama wanne kwa pamoja, wakaanza kugombana nani aseme. Sasa watu walicheka tena, na safari hii hawakuwa wananicheka mimi.

Nikaweka décharge juu ya kitambaa cheupe nikaomba diploma yangu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hali haifanani na ile iliyoandikwa. Nikamjibu kwa sauti ambayo safu ya mwisho iliisikia kwamba basi aandike hali yake ya sasa. Akauliza aandike nini. Nikamwambia: vimesomwa. Aliwatazama wazazi, nao walikuwa wanamngoja. Akamtuma mtu ofisini kuleta karatasi yangu, akachukua kalamu, akataka kuchora mstari mmoja mrefu ushuke safu nzima na kuandika neno mara moja. Nikaweka kidole juu ya mstari wa kwanza. Nikamwambia kwamba aliandika "neuf" mara arobaini na tatu, na leo hatuna haraka. Wazazi walisubiri bulletins za watoto wao kwenye jua, na hakuna aliyelalamika, huku Directeur Murhula akishuka namba kwa namba, kitabu kwa kitabu, akinilipia kila Ijumaa aliyokula samaki upande wa pili wa ukuta wangu. Kwenye namba ya ishirini alibadilisha mkono kupumzisha vidole. Nilihesabu naye mpaka mwisho. Diploma ilipofika niliifungua, nikaukagua mkunjo, nikaikunjua mbele yake taratibu. Alikuwa ameshafunika kalamu. Nikamrudishia ile décharge.

"Directeur," nilimwambia, "bado cachet."